Karatasi Niliyoisoma Nusu

Binti yangu ana miaka thelathini na mbili, na tangu alipokuwa na miaka miwili hajala samaki, isipokuwa mara moja alipoiba, nami nitaieleza hiyo mara moja. Amelelewa Kitaji, hapa Musoma, ambako dagaa wakianikwa harufu yao huingia hadi kwenye nguo zilizofungiwa sandukuni. Hata hivyo ukimwekea sahani ya sato anaisogeza kwa kidole, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake. Mayai vivyo hivyo. Watu wakimuuliza ni dini gani hiyo hujibu, "Ni aleji. Tangu utoto." Nikiwa karibu huwa ninainamisha kichwa kana kwamba natafuta kitu chini.

Aleji hiyo niliitunga mimi.

Mimi ni fundi viatu. Nilizaliwa Butiama kwenye nyumba ya wafuga ng'ombe, nikasoma hadi kidato cha nne, na matokeo yalipokuja hayakunipeleka kokote. Badala ya kurudi zizini nilibaki Musoma mjini, nikajifunza kazi kwa fundi mmoja mzee, Mwislamu, mtu mpole aliyeweza kukuambia tabia yako kwa kutazama kisigino kilivyolika. Alipofariki, watoto wake waliniachia kalibu zake za mbao za kuumbia viatu na cherehani yake ya mkono. Nilijiona nimefika.

Mama yangu hakuona hivyo. Kila nilipokwenda Butiama alinisubiri na maneno.

"Umesoma Kiingereza ili uwaulize watu saizi ya miguu?"

"Mama, ni kazi."

"Baba yako ng'ombe akifa ngozi alilalia. Wewe ngozi unawashonea watu wakakanyagie mavi. Kazi ya kushika viatu vya watu ina balaa lake, utakuja kuniambia."

Mabinamu zangu walicheka, nami nilicheka pia, lakini maneno yale yalinikaa. Nilijiapiza kwamba mama hatasikia hata siku moja kwamba kazi yangu imenidhuru. Nayataja haya kwa sababu ndiyo mzizi wa niliyoyafanya, ingawa hayanipi haki yoyote.

Binti yetu alikuwa mtoto wa tatu. Wawili wa kwanza walikuwa na ngozi kama watoto wote. Huyu, alipotimiza miezi mitatu, mashavu yake yaliwiva kama yaliyoparuzwa na brashi. Kisha ikaja mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti, shingo, mgongo. Alijikuna mpaka maji yakatoka, na baada ya maji, damu. Mke wangu alimvalisha soksi mikononi na kuzifunga kwa uzi ili asizivue. Asubuhi tulilazimika kulowesha shuka kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kumwinua, kwa kuwa lilikuwa limegandamana naye. Wapangaji wenzetu walianza kutenga beseni zao. Waliziinua kutoka uani na kuziweka juu ya paa la choo.

Tulimpeleka Butiama. Mama alimtazama akasema mtoto amekataa jina, anataka la shangazi yangu aliyefariki. Ndivyo ilivyo kwetu: mtoto asiyetulia huulizwa ni nani anayemlilia. Akapewa jina hilo, maji yakanyunyizwa, maziwa yakanywewa. Kweli, alitulia. Tulikaa siku nne, na siku ya nne ngozi ilianza kulainika, akalala bila soksi. Tuliporudi Kitaji, wiki haikuisha akawa vilevile. Tukaenda tena Butiama, akapata nafuu. Tukarudi, ikarudi.

"Huko kwako kuna kitu," mama alisema. "Mimi sisemi. Lakini kipo."

Kilikuwepo. Tulipanga chumba kimoja na veranda, na veranda ndiyo ilikuwa karakana yangu. Gundi ya mkebe ilikaa wazi kutwa nzima. Vumbi la soli za mpira nilizosugua kwa msasa lilitua kwenye neti ya kitanda. Mtoto alijifunza kutambaa juu ya vipande vya ngozi ya viatu, na vidogo vilikuwa ndivyo vitu vyake vya kuchezea. Jioni nilimnyanyua kabla hata sijanawa, maana alikuwa akinipenda, akinyoosha mikono akiniona nimetupa kisu.

Alipokuwa na miaka miwili tulisikia kwamba kuna daktari wa ngozi amekuja hospitalini kwa siku chache. Mke wangu alikuwa amejifungua kitinda mimba wetu wiki ileile, hivyo nikaenda na mtoto peke yangu.

Daktari alikuwa mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimvua mtoto nguo zote akamzungusha kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akanitazama mimi mikono.

"Mzee, unafanya kazi gani?"

"Fundi viatu."

"Ukimbeba unamshikaga wapi? Mshike nione."

Nikamshika kama nilivyozoea, viganja chini ya makwapa, vidole mgongoni. Daktari akasema nisitoe mikono, niangalie. Nikaangalia. Yale mabaka mawili makubwa ya mgongoni, ambayo mke wangu alikuwa akiyapaka mafuta kila siku huku akiuliza kwa nini hapa tu, yalikuwa yamelala chini ya vidole vyangu sawasawa.

Akanieleza bila haraka. Mtoto ana mambo mawili. La kwanza ni pumu ya ngozi, amezaliwa nayo, si kosa la mtu. La pili ni mzio wa kugusa: gundi, mpira, na dawa zinazotumika kutengeneza ngozi ya viatu. Hilo la pili ndilo linalolichochea la kwanza.

"Hamisha kazi itoke nyumbani. Kabla ya kumshika, oga, badilisha nguo. Viatu vyako asivae, mnunulie vya plastiki. Mafuta mazito kila akitoka kuoga. Atapona kiasi kikubwa."

Akaandika yote kwa Kiingereza kwenye karatasi. Chini kabisa akaongeza mstari kuhusu chakula: kama kuna chakula kinachomvimbisha midomo au kumtapisha, tumrudishe aangaliwe. Alipomaliza kuandika aliinua kalamu akasema, "Lakini msimnyime chakula hivihivi tu. Mtoto huyu anahitaji kula."

Nilitoka pale nikiwa nimembeba kwa khanga, bila kumgusa kwa vidole. Njiani nilipanga. Nitaihamisha kazi, ndiyo, lakini polepole, bila kelele. Nitatafuta kibanda sokoni. Kwanza nimalize viatu vya wanafunzi, shule zinafunguliwa. Nikimwambia mke wangu leo, kesho atamwambia dada yake, na Jumapili mama atakuwa anajua Butiama. Nilimsikia kabisa: si nilisema?

Nilipoingia, mke wangu alikuwa kwenye mkeka ananyonyesha.

"Daktari kasemaje?"

"Kaandika."

"Soma basi. Sisi wa darasa la saba hicho Kizungu tutaanzia wapi?"

Nikafungua karatasi. Nikaruka mistari ya juu, jicho likateremka hadi ule wa mwisho.

"Anasema... tuangalie chakula."

"Chakula gani?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Jikoni, pale pembeni ya mlango, kulikuwa na sufuria ya mchuzi wa sato, na juu ya kabati kikapu cha mayai ambayo dada yake alikuwa amemletea kama mzazi.

"Samaki," nikasema. "Na mayai."

Vilichaguliwa hivyo. Kama mchana ule tungekuwa tumepika maharage, binti yangu angekuwa mpaka leo hali maharage.

Mke wangu aliweka kiganja mdomoni. "Ndiyo maana," akasema. "Baba watoto, ndiyo maana! Mimba yake nilikula dagaa mimi, nilikula dagaa kama bata. Nilikuwa nawatafuna wakavu." Na machozi yakaanza kumtoka huku kichanga kikiendelea kunyonya. "Kumbe nimemchoma mwenyewe tumboni."

Pale pale ningeweza kumzuia. Nilikuwa na karatasi mkononi. Badala yake nilisema, "Usijilaumu," kwa sauti ya mtu mwema, nikatoka verandani. Kulikuwa na kiatu cha mteja kilichotakiwa kujazwa karatasi ili sehemu ya vidole ikae vizuri kikikauka. Nikaikunja ile ya daktari nikaisokomeza ndani. Jioni mteja akaja, akavikagua viatu vyake, akaviweka kwenye mfuko na kuondoka navyo.

Kazi sikuihamisha mwaka ule, wala uliofuata. Nilijitahidi kunawa. Siku nyingine nilikumbuka, siku nyingine alikuwa ameshanirukia.

Mke wangu alilishika sharti kama sala. Alitenga sufuria ya mtoto, mwiko wake, hata jiwe lake la kusagia. Sisi wengine tulikula samaki uani, mtoto akiwa ndani na ugali wake wa muhogo na mboga ya msusa au mlenda, akiuliza kwa dirisha, "Mnakula nini?" Kaka zake walimjibu, "Dawa." Alikonda. Kichwa kikawa kikubwa kuliko shingo. Mwalimu wake wa darasa la kwanza aliwahi kuniuliza kama nyumbani kuna tatizo, nikamwambia ni aleji, akatikisa kichwa kwa huruma. Neno hilo lina heshima yake. Likishatajwa, watu hawaulizi tena.

Sasa ile mara moja. Alikuwa na miaka saba. Shule zilikuwa zimefunguliwa, na kwa wiki nzima nilikuwa nimemshonea viatu vipya kwa mkono wangu, vyeusi, vya ngozi, vyenye mkanda na kifungo. Daktari alikuwa amesema viatu vyangu asivae. Nilijiambia kwamba ameshakua, huenda imeisha. Ukweli ni kwamba sikuweza kuvumilia mtoto wa fundi viatu apite mbele za watu na plastiki.

Siku ya tatu ya kuvivaa mke wangu alimkuta nyuma ya jiko la jirani, amechuchumaa, anafyonza kichwa cha furu. Furu ni kasamaki kadogo, hata paka humsusa kichwa. Alikuwa amekiokota kwenye sahani zilizosubiri kuoshwa. Mke wangu, ambaye sikuwahi kumwona akimpiga mtoto huyu hata kwa ukindu, alimpiga kofi la shavu kwenye ngozi ileile iliyopasuka.

"Unataka kufa? Unataka nikuzike?"

"Nilikuwa nasikia tu harufu, mama."

"Harufu inaingiaje mdomoni?"

Jioni ile miguu ikavimba. Malengelenge, maji, kuwashwa hadi akawa anapiga kelele na kusugua nyayo kwenye sakafu ya saruji. Mke wangu aliniita kwa ukali uliochanganyika na ushindi. "Njoo uone! Kichwa kimoja cha furu! Njoo uone!" Majirani walikuja kuona. Jirani mwenye furu aliomba radhi akilia.

Nikaona. Malengelenge yalikuwa yamepita kwenye mgongo wa mguu kwa mstari mmoja ulionyooka, upana wa vidole viwili, na pembeni palikuwa na alama ya mviringo mdogo. Mkanda na kifungo. Hata mashimo ya sindano niliyotoboa kwa mkono wangu yangeweza kuhesabika. Watu zaidi ya kumi waliitazama miguu ile wakaona samaki. Mimi peke yangu niliona kiatu, nami nikasema, "Tumpe maji ya chumvi alowekee miguu."

Ni hilo linaloniamsha sasa. Uongo wa kwanza naweza kujidanganya kwamba ulinitoka tu. Huu wa pili niliutazama kwanza, nikaupima, ndipo nikauacha ukae.

Alipofika miaka tisa alijigundulia mwenyewe. Alikuja siku moja amevaa yeboyebo za rafiki yake, za plastiki, zimempwaya.

"Baba, nikivaaga hizi miguu haiwashi. Usikasirike."

Akasema usikasirike. Mtoto anaomba radhi kwa kupona. Nilimnunulia yeboyebo mbili siku hiyohiyo, na muda si mrefu nikapata kibanda sokoni, kazi ikatoka nyumbani. Nikaanza kuoga kwenye bafu la soko kabla ya kurudi. Ndani ya miezi michache mgongo ukawa safi. Viwiko vilibaki vikavu, na hadi leo chaki humpasua vidole, maana ni mwalimu wa shule ya msingi, lakini alilala usiku kucha.

"Umeona?" mke wangu aliniambia, uso unang'aa. "Sharti tumelishika miaka yote hii, Mungu ametujibu."

Ningemwambia nini? Kila mwaka uliopita ulifanya jambo lile kuwa zito zaidi kulinyanyua. Nikamwacha na furaha yake, na ndani ya furaha hiyo ilikuwemo ile imani kwamba yeye ndiye aliyemchoma mtoto tumboni. Alikuwa akiitaja hata mbele ya wageni, kwa utani. "Mimi mwenzenu nilikula dagaa nikaharibu mtoto."

Alifariki miaka mitano iliyopita, tukamzika Butiama. Wiki zake za mwisho binti yetu alimuuguza, naye alimwachia wosia mmoja, nikiwa nimekaa palepale kwenye kiti. "Ukipata mimba, usithubutu samaki. Wala mayai. Mtoto asije akapata yaliyokupata kwa ujinga wangu."

Mimba ikaja. Binti yangu, mtu mzima, mwalimu, alishika sharti miezi tisa. Mtoto wa kiume akazaliwa, na miezi mitatu mashavu yakawiva. Ngozi kavu ya ukoo, ile ambayo daktari alisema si kosa la mtu. Lakini binti yangu alijua la kufanya, kwa sababu tulimfundisha. Akamnyima samaki, akamnyima mayai, na kwa tahadhari akaongeza karanga na maziwa.

Wanaishi Manyamanyama, Bunda, yeye na mumewe. Mimi nimejenga kachumba Bweri, hapahapa Musoma, na bado nashona kiatu kimoja kimoja. Mwaka huu, mjukuu akiwa anakaribia miaka miwili, binti yangu alikuja naye kunisalimu. Nilisikia bodaboda ikizima nje, nikaacha kisu, nikaenda kuoga. Nilipotoka na shati safi ndipo nikampokea mtoto. Alikuwa mwepesi mno. Mifupa ya kiwiko chake ilinichoma kiganja.

"Kliniki wamesemaje?" nikauliza.

Akatoa kadi kwenye mkoba, akanionyesha pale mstari wa uzito ulipolala badala ya kupanda. "Wamenigombeza. Nimewaambia ni aleji. Nesi akasema, sasa mama anakulaga nini huyu? Nikamwambia uji." Akairudisha kadi.

"Baba, nikuulize kitu. Kila nikija hapa, kabla hujamshika huyu, unaoga. Unabadilisha shati. Mimi mwenye mtoto sifanyagi hivyo. Nani alikufundisha?"

"Usafi tu."

"Usafi gani, baba? Mama alikuwa anakugombeza kwa kulala na soksi."

Nilicheka, na katikati ya kicheko nikaona kwamba nina njia mbili na kwamba mojawapo inapita juu ya mtoto huyu. Alikuwa amekaa mapajani kwangu akitafuna ncha ya shati langu. Kutafuna hasa, si kuchezea.

"Daktari," nikasema.

"Daktari gani?"

"Aliyekuona wewe. Ulikuwa na miaka miwili."

Nikamwambia yote. Veranda, vidole vyangu mgongoni kwake, karatasi, sufuria ya sato, viatu vya mkanda. Sikumaliza kwa mpangilio, nilirukaruka. Yeye alisikiliza huku akijikuna ndani ya kiwiko, polepole, kama anavyofanya tangu utoto akifikiri.

"Kwa hiyo miguu ile siku ya furu..."

"Viatu."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Karatasi iko wapi?"

"Niliisokomeza kwenye kiatu cha mtu."

Akacheka, kicheko kifupi kibaya. "Cha mtu gani?"

"Sikumbuki. Mteja."

"Kwa hiyo kuna mtu hapa Musoma alienda na karatasi yangu kwenye kidole gumba."

Kulikuwa na swali jingine nililokuwa nalisubiri, lile ambalo ningelia nikiulizwa, lakini hakuliuliza. Alimchukua mtoto mapajani kwangu, akamfunga mgongoni, akasema, "Shikamoo yako nimeshatoa," akaenda barabarani kusubiri bodaboda bila kuketi.

Siku tisa hakupokea simu. Ya kumi aliniandikia: "Alhamisi saa tatu, daktari, Bunda. Njoo. Utamwambia mwenyewe."

Nilifika saa mbili. Yeye alikuja na mtoto, mumewe akabaki nje na pikipiki. Sikujua kama naye ameambiwa, ila alinisalimia akitazama usukani. Daktari alikuwa msichana, angeweza kuwa mjukuu wangu. Alipekua kadi, akampima mtoto, akamgeuzageuza kwenye mwanga.

"Hii ni pumu ya ngozi ya kawaida, tutaituliza kwa mafuta na dawa ya kupaka. Shida yangu ni uzito. Umeandika hali samaki, mayai, maziwa, karanga. Amewahi kuvimba akila?"

"Hajawahi kuvila."

"Sasa mlijuaje?"

Binti yangu aligeuza uso wake kwangu, na daktari akamfuata kwa macho, wote wawili wakaningoja.

"Mimi ndiye niliyesema," nikasema. "Si yeye, si mama yake. Hakuna daktari aliyesema. Nilisema uongo, miaka thelathini iliyopita, kuhusu huyu mama yake, na wamelifuata neno langu."

Daktari alishika kalamu bila kuandika. Nilitarajia aniseme. Alisema tu, "Sawa, mzee," akauliza maswali mengine marefu kuhusu vipele, kuhusu tumbo, kuhusu kikohozi. Mwisho akasema tutaanza na kitu kimoja, kidogo, palepale mbele yake, tungoje, na vingine vitafuata kimoja kimoja kwa siku zake. Hapo nje wanauza mayai ya kuchemsha.

Nikaenda kununua. Kwenye benchi la korido binti yangu alilipokea yai, akajaribu kulimenya, vidole vikakataa. Akanirudishia. Nikalimenya mimi, nikakata kipande kidogo kama daktari alivyoonyesha, cha ukubwa wa ukucha, yeye akakiweka mdomoni mwa mwanawe na kuondoa mkono haraka kama aliyegusa moto.

Mtoto alishangaa. Akatafuna. Akafungua mdomo tena.

"Subiri," mama yake akamwambia. "Subiri kwanza."

Tulingoja. Daktari alipita mara mbili akamwangalia midomo, akamfunua tumbo. Nilikuwa namwomba Mungu kisitokee kitu, na kila dakika iliyopita bila kitu kutokea ilishuhudia dhidi yangu. Kama mtoto angevimba, ningekuwa mwongo aliyebahatisha ukweli. Hakuvimba. Ngozi ilikaa ilivyo. Alianza kuvuta mkono wangu, akitafuta yai lililobaki.

Ndipo binti yangu akauliza, akiwa anamtazama mtoto na si mimi.

"Mama alijua?"

"Hapana."

"Hata kidogo? Hata mwishoni?"

"Hapana. Alikufa akijua ni dagaa zake."

Akampangusa mtoto midomo ambayo haikuwa na kitu. Daktari akafungua mlango akaita jina la mtoto, akisema vizuri, vizuri sana, waingie apange chakula cha wiki ijayo. Binti yangu akasimama, akambeba mwanawe. Nikainuka kumfuata.

"Wewe kaa hapo, baba," akasema.

Akaingia, mlango ukafungwa. Nilikaa na maganda ya yai mkononi, maana hapakuwa na ndoo ya taka karibu, nikisikia sauti ya daktari ikimsomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kila kitu kilichoandikwa kwenye karatasi.